Sasisho Halikuiharibu Saa ya Nairobi

Saa ikivurugika katika saiba (vibanda vya intaneti) za Kibera na Kawangware, lawama huliangukia sasisho la Windows. Jana jioni saa ilikuwa sawa, usiku mashine ikajisasisha na kujiwasha upya, asubuhi saa imerudi nyuma. Ni rahisi kuamini hivyo. Lakini mara nyingi kasoro ilikuwamo tangu siku kompyuta iliponunuliwa.

Nyingi za mashine hizi ni ex-UK: zilitumika katika ofisi za Uingereza, zikauzwa Nairobi kwa bei ambayo mwenye kibanda pale Makina au Kawangware 46 anaweza kuimudu. Baadhi hufika zikiwa bado zimewekewa saa za London. Nyingine huwekewa Windows upya kwa nakala ya Kimarekani, na mtu akibonyeza tu kuendelea bila kusoma, eneo linabaki la pwani ya magharibi ya Marekani.

Ndani ya Windows kuna vitu viwili tofauti: wakati wenyewe, unaohesabiwa kwa UTC (saa ya marejeo ya dunia), na jina la eneo linaloamua tarakimu zipi zionekane pembeni mwa skrini. Mwenye saiba anaona saa iko nyuma, anazima upangaji wa saa wa kiotomatiki, anaisogeza mbele kwa mkono. Skrini sasa inasema kweli, lakini eneo bado ni London, na wakati wa ndani umepotoshwa kwa saa mbili au tatu, kutegemea msimu wa Uingereza. Siku huduma ya kuoanisha saa ikiwashwa tena, iwe ni baada ya sasisho au kwa mkono wa mtu mwingine, UTC inarekebishwa kama inavyopaswa, na skrini inarudi London. Hata bila sasisho lolote, Jumapili ya mwisho ya Machi, Waingereza wanapoingia saa zao za kiangazi, kompyuta iliyo Kibera nayo huruka saa moja mbele.

Madhara yake si madogo. Mwisho wa kuwasilisha ripoti ya kodi ya mtu binafsi kwa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, ni 30 Juni, na foleni za siku hiyo kwenye saiba hufika hadi usiku. Mwezi huo London iko saa mbili nyuma ya Nairobi. Anayeitegemea saa ya mashine kama hiyo ataona ni saa nne usiku wakati saa sita imeshagonga, na faini ya kuchelewa huanzia shilingi 2,000. Kwa mtu anayeishi kwa vibarua, hizo ni fedha za chakula.

Tiba ni kuweka jina sahihi la eneo. Kwenye Windows, amri ya tzutil /g inaonyesha eneo lililomo, tzutil /s "E. Africa Standard Time" inaweka la Nairobi. Kisha upangaji wa saa wa kiotomatiki uachwe umewashwa. Kwa kompyuta ya mezani isiyosafiri, ningezima ule wa kutafuta eneo kiotomatiki. Sasisho la kawaida hubadilisha jedwali la kanuni za maeneo na kuliacha jina ulilochagua. Ni kuweka mfumo upya kabisa ndiko kunakolifuta.

Linux imelipanga jambo hili kwa uwazi unaonipendeza. Faili ya /etc/localtime ni kiungo kinachoelekeza kwenye /usr/share/zoneinfo/Africa/Nairobi. Kifurushi cha tzdata kikisasishwa, kanuni hubadilika na kiungo hubaki. Fundi anayenakili faili yenyewe badala ya kuweka kiungo amejifungia kanuni za siku ile.

Kuchagua eneo kwa kuangalia +3 pekee, yaani saa tatu mbele ya UTC, hakutoshi, kwani Moscow nayo ina +3. Mwaka 2011 Moscow ilihamia +4, ikarudi +3 Oktoba 2014. Aliyekuwa amechagua Moscow kwa kuwa ilikuwa juu kwenye orodha alibebwa nayo. Karibu zaidi, Sudan Kusini ilitoka +3 kwenda +2 tarehe 1 Februari 2021. Toleo la tzdata la 2021a lilitoka siku chache kabla. Mashine za Linux zilizosasishwa zikiwa na jina la Africa/Juba zilihama zenyewe. Zilizowekewa Nairobi huko kwa sababu saa zilikuwa sawa zilibaki saa moja mbele hadi mtu akazigusa.

Kenya yenyewe iliwahi kutumia saa mbili na dakika 30 mbele ya Greenwich, kisha saa mbili na dakika 45, kabla ya kutulia kwenye tatu. Historia hiyo imo ndani ya jina Africa/Nairobi. Haimo kwenye +3.

Iwapo saa na tarehe vinapotea kila stima inapokatika, hapo suala si eneo: ni betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye ubao wa ndani, ibadilishwe. Stima ikikatika na tarehe ikabaki sahihi, soma kwanza jina la eneo kabla ya kuzigusa tarakimu.