Kilomita 5,000 au 30,000: Hesabu Iliyo Nyuma ya Taa ya Servisi

Kitabu cha Toyota ya soko la Japani yenye injini ya petroli isiyo na turbo kinasema oili ibadilishwe kila kilomita 15,000 au kila mwaka, kinachotangulia. Gari hilohilo likishushwa bandarini na kufika kwa fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Grogan, Nairobi, linabandikwa stika ya 5,000. Pembeni yake imeegeshwa Volkswagen iliyokuja na meli kutoka Uingereza, na dashibodi yake inadai kuwa servisi bado ni maili 15,000 na ushee, kati ya kilomita 30,000 za mpango wake. Namba tatu zimekutana kwenye karakana moja, na yumkini magari yote mawili yatatiwa oili ya dumu lilelile.

Ubishi unaofuata huwa wa kuchosha. Mwenye gari anadhani fundi anamtafutia matumizi, na fundi anadhani mwenye gari ni bahili. Nionavyo, namba zote tatu zina haki yake. Kila moja ilikokotolewa kwa oili fulani, mafuta ya aina fulani na barabara za aina fulani, kisha ikasafirishwa hadi kwetu peke yake huku masharti yake yakibaki ng'ambo.

Tuanze na muda usiobadilika, kwa kuwa ndio rahisi. Mtengenezaji anamfikiria dereva wa kawaida, anaongeza tahadhari, anaweka kikomo cha kilomita na cha miezi. Gari halipimi chochote. Hata taa inayowaka kwenye dashibodi inahesabu kilomita na siku tu. Lakini kitabu cha Kijapani kina jedwali la pili ambalo wengi wetu hatukuwahi kusomewa: la mazingira magumu. Humo 15,000 inashuka hadi 7,500 au miezi sita. Kwa injini za turbo, 5,000 yake ya kawaida inashuka hadi 2,500 au miezi mitatu. Na mazingira magumu yameelezwa waziwazi kuwa ni barabara mbovu au zenye vumbi, safari fupi fupi za kurudiarudia, mwendo wa taratibu na injini kunguruma gari likiwa limesimama kwa muda mrefu, na milima mingi. Asome orodha hiyo mtu aliyekwama kwenye foleni ya Ubungo saa kumi na mbili jioni, aone kama kuna kipengele kisichomhusu zaidi ya milima. Kwa hiyo namba halali ya Toyota hapa kwetu inaanzia 7,500, tena kwa oili iliyotajwa kitabuni. Fundi wa 5,000 hajatia chumvi sana.

Muda unaobadilika ulizaliwa kwa sababu watafiti waliona kilomita ni kipimo kibovu. Shirley Schwartz, mwanakemia wa General Motors, pamoja na mwenzake Donald Smolenski, walichunguza katika miaka ya 1980 kinachoitokea oili magari yanapoendeshwa kwa namna tofauti. Waliigawa kazi ya gari mafungu manne: barabara kuu kwa mwendo mwepesi, joto kali na mzigo mzito, mizunguko ya mjini, na safari fupi sana za injini ya baridi. Walichokiona ni kwamba oili huharibika kwa njia mbili zinazopingana. Ikiwa ya moto mno, huungua taratibu, ikawa nzito na kumaliza viambato vyake vya kuzuia kutu na msuguano. Ikiwa ya baridi mno, maji na petroli ambayo haikuungua huteleza kupita ringi za pistoni, hujichanganya nayo, na kwa kuwa haipati joto la kutosha, havitoki kwa mvuke. Mtu anayempeleka mtoto shule kwa gari kilomita tatu na kurudi anaidhuru oili zaidi kuliko anayekwenda Dodoma kila wiki.

Hesabu waliyoijenga ni nyepesi ajabu. Kompyuta inaanza na idadi fulani ya mizunguko ya injini. Kila mzunguko unakatwa kwenye akiba hiyo, na ukifanyika wakati oili iko kwenye joto baya, ya moto mno au ya baridi mno, unakatwa kwa adhabu zaidi. Akiba ikiisha, taa inawaka. Hakuna kihisi kinachoionja oili kujua kama ni mbichi au imekufa. Mfumo huo uliingia sokoni mwaka 1988 kwenye baadhi ya magari ya Oldsmobile, na msingi wake upo hata leo kwenye magari ya General Motors.

Jambo hili la kutoonja lishikwe vizuri. Taa ya servisi ya namna hii inakisia, na inakisia ikiamini kwamba oili iliyotiwa ni ile iliyofanyiwa hesabu. Ukimwaga humo oili ya bei chee ya 20W-50, kompyuta itaendelea kukuhesabia siku za oili ambayo haimo.

Wajerumani ndio waliousukuma mfumo huu mbali zaidi. Kundi la Volkswagen lilianza muda mrefu unaobadilika mwishoni mwa miaka ya 1990. Chini ya injini, kwenye kile chombo cha oili ambacho mafundi hukiita sampu, kiliwekwa kihisi cha kiwango na joto la oili. Kompyuta ikachukua habari zake, ikaongeza mizunguko ya injini, mafuta yaliyochomwa, na kwa dizeli makisio ya masizi. Dereva mpole wa barabara kuu aliruhusiwa kufika kilomita 30,000 au miaka miwili. Anayeitesa injini angeitwa karakana mapema zaidi, mpaka karibu na 15,000 au mwaka mmoja. Baadhi ya dizeli za mwanzo ziliahidiwa hata 50,000, ahadi ambayo baadaye ilipunguzwa.

Lakini Volkswagen haikubadilisha kompyuta peke yake. Iliandika vipimo vipya vya oili: 503 00 kwa petroli, 506 00 kwa dizeli, 506 01 kwa dizeli zenye pampu na nozeli pamoja, na kufikia katikati ya muongo uliofuata zote zikakusanywa katika 504 00 na 507 00. Masharti yalikuwa makali kiasi kwamba ukipungukiwa njiani na usiipate oili hiyo, uliruhusiwa kuongeza nusu lita tu ya aina nyingine. Gari lenye mpango huu lina alama QG1 kwenye karatasi ya vipimo iliyobandikwa kwenye kitabu cha servisi au sehemu ya tairi la akiba. QG2 maana yake injini inauweza mpango huo ila gari limewekwa kwenye muda usiobadilika. QG0 haina kabisa. Ni herufi mbili na tarakimu moja ambazo mnunuzi wa Golf au Audi iliyotumika angepaswa kuzitafuta kabla ya kuuliza habari za viti vya ngozi.

Kinachotokea pale sharti la oili linapodondoka njiani kilionekana Marekani. Mercedes-Benz iliingiza huko mfumo wake wa muda unaobadilika kwenye magari ya mwaka 1998 hadi 2001. Kompyuta ilirefusha muda kana kwamba injini ina oili ya sintetiki, ilhali wamiliki hawakuwa wameambiwa wazi kwamba ni lazima waitumie, na wengi waliendelea na oili ya kawaida. Kesi ya pamoja ilifunguliwa kwa madai kwamba injini zilichakaa kabla ya wakati, na mwaka 2003 mahakama ya shirikisho huko Philadelphia iliidhinisha mapatano. Hesabu ya kompyuta ilikuwa nzuri. Ilikosa oili yake tu, na hilo lilitosha kulifikisha shauri mahakamani katika nchi yenye lami safi.

Sisi tuna tatizo la ziada, nalo ni salfa. Mafuta yenye salfa yakiungua hutoa gesi ambayo ikikutana na maji hugeuka asidi, na sehemu ya asidi hiyo huishia kwenye oili. Oili hubeba akiba ya alkali ya kuizimua. Akiba ikiisha, asidi inaanza kula beringi. Ulaya ilifika sehemu 10 za salfa kwa milioni mwaka 2009. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli ya sehemu 50 kwa milioni kuanzia tarehe 1 Januari 2015, hatua kubwa ukilinganisha na dizeli ya zamani, ila bado ni mara tano ya kikomo hicho cha Ulaya.

Hapa ndipo kuna kichekesho. Oili za kisasa za muda mrefu zimepunguzwa majivu makusudi ili zisizibe chujio la masizi kwenye ekzosi, na viambato vinavyoacha majivu ndivyo hivyohivyo vinavyobeba alkali. Daraja la Ulaya la C3, ambalo oili nyingi za 504 00 na 507 00 zimo, linadai kipimo cha alkali kisichopungua 6. Daraja la A3/B4, la oili zenye majivu zaidi, linadai 10. Kwa maneno mengine, oili inayouzwa ghali kwa sifa ya kudumu ndiyo yenye akiba ndogo dhidi ya asidi. Kwa dizeli ya Ulaya haina shida, kwani asidi ni chache. Kwa dizeli yenye salfa zaidi, akiba ile inakwisha mapema, na kompyuta haina habari.

Nani alifaidika na 30,000? Mnunuzi mkubwa wa magari mapya Ulaya ni kampuni inayokodisha kwa miaka mitatu au minne, na kila servisi iliyorukwa ni fedha iliyobaki mfukoni. Madhara ya oili iliyokaa mno huchelewa: tope jeusi kwenye mifereji, turbo inayolia, cheni ya taimingi iliyolegea. Hayo humkuta mmiliki wa pili au wa tatu. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka 8, lakini hata linaloshuka Mombasa likiwa na miaka saba limekwisha kuishi maisha yake ya mkataba, na mnunuzi wa Kiafrika ndiye huyo wa tatu. Sisemi wahandisi walidanganya. Nasema walilipwa kuifikiria miaka ya mwanzo.

Turudi kwenye namba zetu tatu. Wenye jenereta na matingatinga hawahesabu kilomita. Wanahesabu saa, na muda uliozoeleka sana wa kubadilisha oili ya mitambo hiyo ni saa 250. Sasa zidisha. Gari linalotembea mjini kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa, ukiingiza foleni na mataa, linamaliza saa 250 likiwa na kilomita 5,000. Kwa wastani wa 60, saa hizohizo ni kilomita 15,000. Kwa 120, mwendo wa barabara kuu za Ujerumani, ni 30,000. Fundi wa Gerezani, kitabu cha Toyota na kompyuta ya Volkswagen wanaelekea kusema jambo moja kwa barabara tofauti! Sidai kwamba watengenezaji walifika huko kwa njia hii. Mzigo, joto na ukubwa wa sampu vina uzito wake, na saa moja ya kupanda mlima wa Kitonga na lori haifanani na saa moja ya kusimama kwenye foleni ya Magomeni. Ila kama makisio ya mtu asiye na maabara, sijaona bora zaidi.

Na ni rahisi kuyatumia. Magari mengi ya kuanzia miaka ya 2000 yana skrini ndogo inayoonyesha wastani wa mwendo. Usiifute kwa mwezi mzima, kisha zidisha namba uliyoiona kwa 250. Dereva wa teksi ya mtandao Dar es Salaam akiona 18, jibu lake ni 4,500. Anayeishi Morogoro na kufanya kazi zake Iringa na Dodoma akiona 55, jibu ni 13,750, na hapo kitabu cha Toyota hakimzuii mradi oili ni ile iliyoandikwa, filta si ya kubahatisha, na vumbi si lile la barabara ya machimbo. Gari la turbo au la sindano za moja kwa moja, ambazo huchafua oili kwa petroli haraka zaidi, lipunguziwe theluthi. Gari linaloamka mara moja kwa wiki lifuate kalenda: miezi sita.

Kwa Volkswagen, Audi na Skoda zenye QG1, ushauri wangu ni kulihamisha gari kwenye muda usiobadilika, liwe kama QG2, na kutumia oili yenye akiba kubwa ya alkali ikiwa injini haina chujio la masizi. Fundi mwenye kompyuta anaweza kuibadilisha kwa dakika chache. Asiye na kompyuta pia ana njia: kwenye modeli nyingi za miaka ya 2000, ukiifuta taa ya servisi kwa mkono, kwa kubonyeza kitufe cha dashibodi, gari huacha kukokotoa muda mrefu na kurudi kwenye 15,000. Kitabu cha Volkswagen kinawataka wenye magari waende kwa wakala badala yake. Kwa barabara zetu kurudi huko kwenye 15,000 ni faida ya bure, na kutoka hapo iliyobaki ni kuishusha 15,000 kwa kalamu, kwenye stika ya fundi.