"Nguvu", "Mzigo" na "Mshuko": Uhakiki wa Istilahi za Nyaya za Umeme

Istilahi ya ufundi hupimwa kwa kazi yake. Ikimwongoza fundi kuchagua waya usiofaa, basi ina kasoro, hata kama inapendeza masikioni. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki maneno machache yanayotumika katika kukokotoa ukubwa wa nyaya za umeme, ambayo mfasiri hukutana nayo katika miongozo ya mafundi, masomo ya vyuo vya ufundi na hati za zabuni.

Neno linalotutia mashaka zaidi ni "nguvu". Hutumika kwa volteji ("nguvu ya umeme ni ndogo leo"), hutumika kwa wati ("taa yenye nguvu"), na hutumika pia kwa kiasi cha mkondo ambacho waya waweza kuupitisha ("waya wenye nguvu"). Katika mazungumzo ya nyumbani matumizi hayo hayana ubaya. Katika hesabu yana ubaya mkubwa. Volteji ikizidishwa kwa mkondo hutoa wati. Mfasiri aliyeita volteji "nguvu" na wati "nguvu" humfundisha mwanafunzi kwamba nguvu mara mkondo ni nguvu.

Madhara yake hayaishii darasani. Tuchukue karakana iliyo meta 50 kutoka kwenye swichi kuu, inayohitaji ampea 20 katika volti 230 za faza moja. Waya wa shaba wa milimeta mraba 2.5, ukipitishwa katika bomba juu ya ukuta, hubeba ampea 20 bila kupata joto la kuharibu ganda lake la plastiki. Kwa kipimo hicho waya umefaulu. Hata hivyo, majedwali ya kanuni za Uingereza za ufungaji wa umeme yanaonyesha kwamba waya huo hushusha milivolti 18 kwa kila ampea katika kila meta. Mara 20, mara 50, tunapata volti 18, yaani karibu asilimia 8 ya volti 230. Kikomo kinachotajwa na kanuni hizo ni asilimia 3 kwa taa na asilimia 5 kwa matumizi mengine. Kwa kipimo cha pili waya umeshindwa. Waya wa milimeta mraba 4, unaoshusha milivolti 11, huleta volti 11 tu, nao umo ndani ya kikomo.

Mwongozo unaosema "chagua waya wenye nguvu ya kutosha" humwacha fundi kwenye kipimo cha kwanza. Atafunga waya usioungua, kisha mota iliyo mwisho wa waya itapata volteji pungufu, itavuta mkondo mwingi zaidi ili kuendesha mzigo ule ule, na itapata joto mpaka iharibike. Kwa hiyo tunapendekeza kipimo cha kwanza kiitwe "uwezo wa mkondo wa waya". Hatupendekezi "mzigo wa waya": mtunza ghala akiusoma katika zabuni, ana haki ya kudhani ni robota la nyaya. "Mzigo" ubaki kuwa jina la vile vinavyotumia umeme.

Kipimo cha pili kimeitwa na baadhi ya wafasiri "upotevu wa volteji". Hapa kitenzi kimekosewa. Kinachopotea ni nishati: katika mfano wetu, volti 18 mara ampea 20 ni wati 360 zinazogeuka kuwa joto njiani. Volteji yenyewe hushuka. "Kushuka kwa volteji" ni afadhali, lakini hueleza pia hali ya umeme wa mtaa mzima kupungua jioni, wakati watumiaji ni wengi. Hayo ni mambo mawili, na dawa zake ni mbili. La kwanza huondolewa na fundi kwa kuweka waya mnene zaidi. La pili ni la shirika linalogawa umeme.

Tunapendekeza "mshuko wa volteji" kwa tofauti iliyopo kati ya ncha mbili za waya, na "upungufu wa volteji" kwa hali ya mtaa. Huenda msomaji wa pwani akasema kwamba "mshuko" ni wakati wa watu kutoka msikitini baada ya sala. Ni kweli, lakini neno hilo lina pia maana ya mteremko, na maana hiyo ndiyo tunayoihitaji: volteji huteremka hatua kwa hatua kila meta ya waya. Muktadha utazitenga maana hizo bila taabu.

Hatudai kwamba mapendekezo haya ndiyo ya mwisho. Tunachodai ni kanuni: pale ambapo hesabu inatenganisha mambo mawili, lugha isiyaunganishe. Wafasiri, walimu na maofisa wanaoandaa zabuni wayajaribu maneno haya katika kazi zao, nasi tutayapokea maoni yao kwa shukrani.