Mhakiki wa Kwanza Niliyemjua Aliuza CD

Aliyenifundisha kutazama filamu hakuwahi kuandika hata mstari mmoja. Alikuwa na kibanda cha mbao na bati pale Njoro, Moshi, televisheni ya chogo mezani, deki juu yake, na kava za CD zimepangwa ukutani kuanzia sakafuni hadi darini. Wakubwa kwa watoto tulimwita Mangi, kama tunavyomwita kila mwenye duka upande huu wa mlima. Ukimuuliza, "Mangi, hii ikoje?" alijibu kwa sentensi moja. "Stelingi anakufa, usichukue kama unataka kulala vizuri." "Hii nzuri, ila sehemu ya pili haina kitu." "Hii mpelekee mama, atalia." Nimesoma uhakiki mwingi wa kurasa nyingi tangu wakati huo, na mwingi wake haukunisaidia kuchagua kama alivyonisaidia yeye.

Nimeanza kumfikiria upya kwa sababu ya mashine. Nchini Marekani kulikuwa na mashine nyekundu zilizoitwa Redbox, zimesimama milangoni mwa maduka ya vyakula na ya dawa. Unagusa kioo, unachagua filamu, unapitisha kadi, diski inajitokeza kwenye mwanya. Ukimaliza kutazama unairudisha, hata kwenye mashine ya mji mwingine. Biashara hiyo ilianza ndani ya McDonald's mwanzoni mwa miaka ya 2000, na usiku mmoja ulikodishwa kwa dola 1. Katika kilele chake kulikuwa na mashine zaidi ya 40,000. Mwaka 2024 kampuni iliyozimiliki ilifilisika, na maelfu ya mashine zikabaki pale pale zilipo, diski zikiwa bado tumboni.

Sifa kubwa ya mashine ile ilikuwa kwamba hapakuwa na mtu. Huulizwi, husubiri, huaibiki. Lakini kusema haikuwa na mtu ni kusema nusu ya ukweli. Mashine moja ilibeba diski 600 na ushei, za filamu zisizozidi 200 hivi. Kuna mtu mahali fulani aliyechagua hizo 200 na kuziacha zingine zote. Tofauti yake na Mangi ni kwamba huyo huwezi kumuuliza kwa nini.

Ninachotaka kusema ni kwamba namna diski ilivyouzwa iliamua filamu ziweje, na sisi tuwe watazamaji wa aina gani. Anayehakiki filamu za Kibongo bila kukigusa kibanda anahakiki nusu ya kazi.

Chukua DVD zile zilizobeba filamu kumi au ishirini kwa pamoja. Kava lilijaa vichwa vya watu na Kiingereza kilichokosewa herufi. Kazi zile hazikupangwa kwa mwongozaji, wala mwaka, wala nchi. Zilipangwa kwa mwili wa mtu: diski ya Van Damme, diski ya Jet Li, diski ya Stallone, ambaye sisi tulimwita Rambo hata alipokuwa bondia. Tulikua bila kujua jina la mwongozaji hata mmoja, ila tulijua kumlinganisha mwigizaji na yeye mwenyewe, kwa sababu tulimwona akizeeka ndani ya diski moja, wikiendi moja. Huo nao ni usomi, ingawa hakuna chuo kinachoutunuku.

Kisha chukua filamu zetu wenyewe. Katika miaka ile ambayo Steps Entertainment ya Dar es Salaam ndiyo ilikuwa jina kubwa la usambazaji, filamu ya Kibongo kwa kawaida haikupita kwenye ukumbi wa sinema. Ilitoka kwa mhariri ikaenda kiwandani, kisha ikaenda kwa Mangi. Na ilikuja vipande viwili, sehemu ya kwanza na ya pili, kila moja na bei yake. Ndiyo maana gari linaingia getini kwa dakika nzima, mlinzi anafungua, mlinzi anafunga, mtu anashuka, anapanda ngazi, anagonga. Walimu wa filamu huita huo udhaifu wa uhariri. Mimi nauona kama hesabu: hadithi ya saa moja na nusu ilipaswa kujaza diski mbili. Sehemu ya kwanza haimaliziki kwa sababu hadithi imefika mahali pa kupumua. Inakatika kwa sababu mnunuzi anatakiwa kurudi kesho.

Hili haliwaondolei wasanii sifa. Steven Kanumba, aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012, alifanya kazi ndani ya kanuni hizo hizo na bado alijua kushika uso mbele ya kamera mpaka ukasahau geti. Alimleta Ramsey Nouah wa Nigeria akacheza naye katika Devil Kingdom, na kava hilo moja liliunganisha rafu mbili za Mangi zilizokuwa mbali, ya Kinaijeria na ya Kibongo. Lakini hata kipaji chake kilipimwa kwa diski. Mwaka 2013 serikali ilipoanza kubandika stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki, stempu ikawa sehemu ya kava, na sisi wanunuzi tukajifunza kutofautisha halisi na ya kuchoma kwa kutazama kona moja ndogo.

Rafu niliyoipenda kuliko zote haikuwa na stempu. Ni ile ya muvi za kutafsiriwa. Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alichukua filamu za nje na kuzisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti zake. Kenya wanaye DJ Afro, na Uganda VJ Jingo aliifanya kazi hiyo hiyo kwa Kiganda. Anayedhani hii ni tafsiri hajaisikiliza. Msimulizi anamwonya shujaa, anamcheka adui, anaeleza kwa nini mke wa pili ana haki ya kukasirika, anajaza ukimya ambao mwongozaji aliuacha kwa makusudi. Pale Njoro nimewahi kusikia majambazi wa Hong Kong wakikimbilia Manzese. Kibanda kizima kilicheka, na kuanzia hapo filamu ikawa yetu. Wakati mwingine msimulizi aliharibu: palipotakiwa huzuni alitia mzaha, na mahali pa siri alitoboa mwisho. Hayo ndiyo mambo ya kuhakiki. Kwa macho ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kutumia filamu ya mtu bila ruhusa yake ni kosa. Sheria iko sahihi kuhusu mwenye filamu. Haina la kusema kuhusu ile sauti.

Nisimpambe Mangi kupita kiasi. Alichagua kwa niaba yetu, na uchaguzi wake ulikuwa na jinsia. Kaka yangu alipewa mapigano kabla hajafungua mdomo. Mimi nilipewa za Kinaijeria na za Kihindi, za ndoa na machozi. Nilipotaka ya kutisha, alisema, "Mdogo wangu, hii si ya kwako," na watu wote kibandani waligeuka kunitazama. Mashine nyekundu isingenitazama. Kwa msichana wa miaka kumi na minne, kutotazamwa ni uhuru mkubwa, na naelewa vizuri anayeililia Redbox. Ila mashine ile isingekuwa na filamu hata moja ya Kiswahili. Ningekuwa huru kuchagua ndani ya rafu ambayo mimi simo.

Baadaye Mangi alinunua kompyuta. Tukaacha kununua CD, tukaanza kupeleka flashi aturushie. Kava zikashuka ukutani moja moja, na kwa kuwa hapakuwa na kava la kuuliza, maswali nayo yakapungua. Siku hizi tunanunua bando na kutazama kwenye simu, ambako programu inatupendekezea filamu kwa kuangalia tulichotazama jana. Ni ile ile mashine nyekundu imehamia mfukoni: inachagua sana, na haitoi sababu.

Baadhi ya filamu za Kibongo zimepandishwa YouTube, na hilo ni jambo jema. Ninachohofia ni zile kazi zisizo na mwenyewe wa kuzipandisha: sauti za wasimulizi, filamu za vikundi vya mikoani vilivyorekodi, vikauza diski mia mbili, vikavunjika. Kwenye kabati la TV la nyumba nyingi za Moshi bado kuna mfuko wa CD zilizokwaruzika, ambazo tulizipaka dawa ya meno zisikwame. Nyingine nimeziona chini kwenye mashamba ya mpunga, zimefungwa kwa kamba kwenye miti, zinawatishia kwelea kwelea. Zinafanya kazi hiyo vizuri.

Kabla na huo mfuko haujaenda shambani, fungua deki kama bado iko. Sikiliza sauti iliyo juu ya sauti. Kisha andika: nani anasimulia, ameongeza nini, ameharibu wapi, na kwa nini chumba kizima kilicheka. Mangi alimaliza kwa sentensi moja kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Sisi hatuna foleni.