Utenzi Kabla ya Injili: Kupanga Somo la Historia ya Fasihi Al Quoz

Mzazi Mkristo anayemsomesha kijana wake nyumbani Al Quoz, Dubai, akifika kwenye historia ya fasihi ya Kiswahili hukutana na vishawishi viwili. Kimoja ni kuanza na wamisionari, kana kwamba kabla yao pwani ilikuwa bubu. Kingine ni kuwapitia washairi Waislamu mbiombio ili awahi waandishi wa kanisa. Vyote viwili vinavunja amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo. Mpango ninaouchambua hapa una hatua nne, na umesimama juu ya amri hiyo.

Hatua ya kwanza ni umbo. Kijana asome beti za utenzi kwa sauti kabla ya kuambiwa dini ya mtunzi. Ahesabu mizani: vipande 4, kila kimoja mizani 8. Asikilize vina: vipande 3 vya mwanzo vinakubaliana, na cha 4 kinabeba kina kinachorudi katika kila ubeti hadi mwisho. Akishaizoea kazi hiyo, atamheshimu fundi kabla ya kumpima.

Hatua ya pili ndiyo ngumu, nayo isirukwe. Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Bwana Mwengo wa Pate na wenye tarehe ya 1728, unasimulia vita vya Waislamu dhidi ya Heraclius, kaisari Mkristo wa Bizanti. Kijana Mkristo anajikuta upande wa wanaoshindwa. Aulizwe: mtunzi anamchora vipi adui? Ushujaa anauonyesha kwa mbinu gani? Kisha asimuliwe habari za Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na mwaka huohuo akamzika mkewe na binti yao mchanga. Mmisionari huyu ndiye aliyepeleka nakala ya utenzi huo Halle, Ujerumani, mwaka 1854. Aliona thamani ya kazi isiyoisifu dini yake. Vivyo hivyo mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa: mmisionari W. E. Taylor aliyakusanya kwa msaada wa Mwalimu Sikujua. Majina yote mawili yafundishwe, kwa kuwa ukimtaja Taylor peke yake umemnyima Sikujua haki yake.

Mazingira ya Al Quoz yanasaidia hapa. Kijana husikia adhana na kuona herufi za Kiarabu kwenye vibao vya maghala na karakana. Miswada ya kale ya Kiswahili iliandikwa kwa herufi hizo. Apewe picha ya ukurasa mmoja, atafute herufi anazozijua.

Hatua ya tatu ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Mbotela alitoka katika jamii ya watumwa waliokombolewa ya Frere Town, makazi ya Kikristo yaliyoanzishwa karibu na Mombasa mwaka 1875. Kitabu kinawaonyesha Waarabu wakiwateka watu na Waingereza wakiwaokoa. Kijana mwenye majirani na marafiki Waarabu asifichwe ukatili wa utumwa, wala asiachwe aupachike kwa kila Mwarabu. Aulizwe pia ni nini shukrani ya Mbotela kwa Waingereza inaacha kusema.

Hatua ya nne ni Mathias Mnyampala, Mgogo Mkatoliki aliyezaliwa mwaka 1917, aliyeandika Utenzi wa Enjili Takatifu. Hapa mzazi ampeleke kijana Alserkal Avenue, ambako maghala ya viwandani yamekuwa kumbi za sanaa: kuta ni zilezile, kilichomo ni kipya. Mnyampala naye alilichukua jengo lililosimamishwa na Waislamu wa pwani, akaiweka Injili ndani. Kijana aliyeanza na umbo ataliona hilo bila kuelekezwa.

Amalizie kwa kutunga beti 5 za utenzi juu ya mwana mpotevu. Mzazi asisahihishe imani tu, asahihishe na mizani. Kisha kijana aeleze, kwa maandishi, Mnyampala anadaiwa nini na Bwana Mwengo. Akiweza kulijibu swali hilo bila kupunguza imani yake wala heshima ya Mwengo, somo limefaulu. Asipoweza, arudi hatua ya pili, maana hapo ndipo Mkristo anapojifunza kumsoma jirani yake kwa haki.