Video ya mahojiano yako inapanda mpaka wapi?

Kila msimu wa kutetea TFC, makundi ya WhatsApp ya finalisti yanajaa swali moja: "Nani ana site ya kubadilisha MKV iwe MP4?" Mtu anatupa kiungo, wengine wanashukuru, basi. Jibu hilo linanisumbua, na si juu site hazifanyi kazi. Zinafanya. Ila zinatulipisha sana kwa kitu ambacho karibu ni bure.

MP4, MKV, AVI, MOV ni masanduku tu. Ndani kuna picha, kuna sauti, pengine na maandishi ya chini, kila kimoja kimebanwa kwa njia yake. Mara nyingi picha iliyo ndani ya MKV ni H.264, ile ile ambayo MP4 inaipokea bila shida. Kuihamisha sanduku hakuombi kuigusa hata kidogo. Ni kazi ya muda mfupi sana, hata kwa kompyuta kuukuu. (Kufuta ".mkv" na kuandika ".mp4" mwisho wa jina si kuhamisha. Ni kubandika etiketi nyingine.)

Site nyingi zinaifungua picha yote na kuibana upya. Njo maana unangoja, njo maana sura za watu zinarudi na ukungu. Na mega je? Faili ya mega 700 inapanda mega 700, kiisha inashuka karibu 700 zingine. Hapo umeme haujakatika katikati.

Kuna pia MOV ya iPhone. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, iPhone nyingi zinarekodi kwa H.265. Kompyuta ya zamani inaikataa, batu wanasema kosa ni la MOV. Hapana: MP4 yenyewe ilijengwa juu ya muundo wa MOV wa QuickTime, ni ndugu. Ukibadilisha sanduku peke yake, kompyuta itakataa tena. Hapo ndipo kubana upya kunahitajika kweli. Site haikuelezi tofauti hiyo. Ina kitufe kimoja.

Lakini gharama kubwa si mega. Wangapi kati yetu hapa Kivu wanaandika TFC kwa kuhoji batu: mama aliyekimbia vita, mchimbaji wa koltani, kijana aliyetoka msituni? Ulimwambia sura yake haitatoka nje. Kiisha unapandisha uso wake na sauti yake kwenye mashini ya mtu usiyemjua, katika nchi usiyoijua, kwa ahadi kwamba faili itafutwa kesho. Nani atahakikisha? Mwezi wa tatu 2025, ofisi ya FBI ya Denver, Marekani, ilionya kuhusu zana za bure za kubadilisha faili mtandaoni zinazoingiza virusi. Na hao wanazungumzia kompyuta yako na data zako zilizo ndani ya faili, yule mama hawamjui.

Kipande cha dakika moja cha arusi, sawa, tumia site. Tena ziko chache zinazofanya kazi ndani ya kompyuta yako mwenyewe. Kuzijua ni rahisi: ukurasa ukishafunguka, kata intaneti, kisha ubadilishe. Ikikubali, faili haijatoka kwako.

Kwa mahojiano, chukua ffmpeg, programu ya bure aliyoianzisha Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000. Mstari mmoja unatosha:

ffmpeg -i mahojiano.mkv -c copy mahojiano.mp4

Neno "copy" njo linaloiambia isiguse picha wala sauti. Ikigoma, angalia kwanza maandishi ya chini, mara nyingi MP4 inayakataa. Ongeza -sn kabla ya jina la mwisho, yataachwa. Anayeogopa skrini nyeusi, VLC nayo inabadilisha faili bila intaneti, na wengi wetu tunayo tayari. Mmoja aishushe ffmpeg, aipitishe kwa flashi kwa promosheni nzima.