Kutambua Kilicho Angani: Funzo la Musoma

Mwaka 1978, Vita vya Kagera vilipokuwa vinaanza, askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) wa kutungua ndege waliokuwa Musoma waliziangusha MiG tatu. Zilikuwa ndege zetu. Ndege za Idi Amin zilikuwa zimeshaishambulia Bukoba, na Jeshi la Uganda nalo lilirusha MiG. Askari aliye chini, mwenye sekunde chache za kuamua, hawezi kuzitenganisha kwa macho matupu.

Ndiyo maana kitu kisichojulikana angani ni suala la ulinzi kabla ya kuwa hadithi ya viumbe wa sayari nyingine. Ukikosea upande mmoja, unaua wenzako. Ukikosea upande wa pili, adui anapita. Machi 1979 ndege ya Libya, mshirika wa Amin, aina ya Tu-22 ilifika hadi Mwanza. Mabomu yake yalikosa shabaha, yakaangukia hifadhi ya Saanane na kuua swala.

Uchunguzi wa kijeshi huenda kwa mchujo. Kwanza hutazamwa orodha ya safari: ni ndege gani ilikuwa na kibali cha kupita eneo lile, saa ile? Pili ni rada, pamoja na kifaa cha ndani ya ndege kinachojibu kwa namba ya utambulisho. Kisichojibu hubaki mezani. Tatu ni shahidi, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika.

Shahidi kwa kawaida hadanganyi, ila jicho lake halina kipimo cha umbali. Taa ndogo iliyo karibu na taa kubwa iliyo mbali huonekana sawa gizani. Dawa yake ni mashahidi wawili walio mbalimbali. Tuseme mmoja yuko Kirumba, jijini Mwanza, mwingine Nansio, kisiwani Ukerewe, karibu kilomita 50 kaskazini. Kila mmoja aandike saa, upande wa dira na kimo cha mwanga kutoka upeo wa macho. Wote wakiuona upande uleule na kimo kilekile, mwanga uko mbali mno. Huenda ni Zuhura, ambayo kwa vipindi fulani hung'aa magharibi saa za jioni. Wa Kirumba akiuona kaskazini na wa Nansio akauona kusini, kitu kiko kati yao, na mistari miwili ikichorwa kwenye ramani itakutana mahali kilipo.

Baada ya hapo mengine hujichuja. Safu ya nukta zinazofuatana muda mfupi baada ya magharibi ni setilaiti za Starlink zilizorushwa karibuni. Mianga mingi iliyotulia chini kabisa kwenye upeo, usiku wa giza, ni taa za wavuvi wa dagaa. Usiku wa mbalamwezi wengi wao hawatoki.

Jirani zetu wametuonyesha hatua ya mwisho, ya kuwapa wananchi jibu. Desemba 30, 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi iliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni, Kenya. Shirika la Anga za Juu la Kenya, lililo chini ya Wizara ya Ulinzi, lilizingira eneo, likachukua mabaki, na katika siku mbili likawaambia wananchi kwamba ile ni sehemu ya roketi. Hofu ilipata jibu kabla uvumi haujakomaa.

Jeshi la Anga la Marekani lilichunguza taarifa 12,618 kati ya 1947 na 1969, na 701 zikabaki bila maelezo. Nyingi kati ya nyingine zilipata majibu ya kawaida kwa mchujo wa namna hii.

Sisi tunao mashahidi ambao nchi nyingi hazina: maelfu ya wavuvi wanaokesha ziwani. Vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo (BMU) tayari viko kwenye mialo mingi, na simu nyingi zina saa na dira. Kinachohitajika ni fomu moja yenye maswali matatu, saa, upande na kimo, pamoja na ofisa wa kuipokea na kurudisha jibu. Mvuvi aliyejibiwa ataleta taarifa tena, na siku chombo cha adui kitakapopita, taarifa yake itakuwa imefika kwa wakati.