Usihesabu Kilo: Mwongozo wa Kumtazama Mnyanyua Vyuma

Mgeni akiingia jimu yoyote ya Baba Dogo, Nairobi, swali lake la kwanza ni moja: yule anabeba kilo ngapi? Atajibiwa, lakini jibu halitamwonyesha nani kati ya waliomo ni stadi na nani ana nguvu tu.

Kwanza, kilo zenyewe zina utata. Baba Dogo, katika eneo bunge la Ruaraka, ni mtaa ambao viwanda na nyumba za kupanga vimepakana ukuta kwa ukuta, na si mbali na hapo iko Kariobangi Light Industries, ambako mafundi wa jua kali hugeuza chuma chakavu kuwa karibu kila kitu. Vifaa vingi vya jimu za mtaani huzaliwa kwa ufundi wa aina hiyo: giya za lori, ekseli kuukuu, mikebe ya rangi iliyojazwa simiti, mchanga na kokoto. Lita moja ya zege lililoshindiliwa vizuri ina takriban kilo 2.4, kwa hiyo mkebe wa lita 4 ukijaa una takriban kilo 9.6. Likimwagwa ovyo, likabaki na mapengo ya hewa ndani, mkebe wa kulia hautalingana na wa kushoto, na anayelipa tofauti hiyo ni uti wa mgongo wa anayebeba. Mnyanyuaji makini huipeleka mikebe yote miwili kwenye mizani ya muuza vyuma chakavu kabla ya kuiamini. Mtu wa namna hiyo anafaa kutazamwa.

Mtazame kutoka ubavuni, usisimame mbele yake. Ukiwa mbele utaona uso uliokunjamana na mishipa ya shingo, vitu vinavyovutia macho bila kueleza mengi. Ubavuni unaona njia ya chuma. Anapochuchumaa akiwa na mzigo mabegani, chuma kinapaswa kushuka na kupanda juu ya katikati ya wayo, kama uzi wa timazi. Kikisogea mbele kuelekea vidoleni, mgongo umeanza kufanya kazi ya mapaja. Tazama pia nyonga na mabega wakati wa kupanda: viinuke pamoja. Nyonga zikitangulia na kifua kikabaki chini, uzani huo bado haujawa wake, hata akiumaliza.

Hapo watazamaji wengi hukosea. Huona chuma kikipanda polepole, wakasema ameshindwa. Uzani ukikaribia kikomo cha nguvu za mtu, kasi hupungua, awe nani. Kupungua kwa kasi si kosa. Kosa ni chuma kubadilisha njia.

Kusukuma uzani juu ya kichwa kuna historia ambayo kila anayependa mchezo huu anapaswa kuijua. Hadi Michezo ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972, unyanyuaji uzani ulikuwa na mitindo mitatu, mmoja wao ukiwa kusukuma chuma kutoka mabegani bila kusaidiwa na miguu. Ulifutwa baada ya michezo hiyo, kwani wanyanyuaji walikuwa wakipinda mgongo nyuma kupita kiasi, na waamuzi walishindwa kukubaliana lipi ni halali. Kosa lile lile bado liko mitaani. Mbavu zikifunguka mbele na kiuno kikiingia ndani, mabega yameshachoka na mgongo ndio unaobeba mzigo.

Anayetaka kipimo cha juu kabisa cha usafi amtazame Hellen Wawira Kariuki, Mkenya aliyeshinda shaba kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka 2022, katika unyanyuaji uzani wa watu wenye ulemavu. Mchezo huo ni wa kulala chali kwenye benchi na kusukuma. Chuma lazima kishuke kwa utulivu, kitue kifuani na kusimama kabisa, kisha kipande huku mikono miwili ikinyooka kwa pamoja. Kukidundisha kifuani hakukubaliki. Hicho kituo kifupi ndicho kinachotenganisha watu, na ni rahisi kukijaribu Baba Dogo: mwombe anayejisifu asimamishe chuma kifuani kabla ya kusukuma. Wengi itabidi wapunguze mikebe.

Halafu kuna kichwa. Nguvu inayoongezeka wiki za mwanzo za mazoezi hutokana zaidi na neva kujifunza kuiamsha misuli iliyopo kuliko misuli mipya, kwa hiyo akili iko kazini tangu siku ya kwanza. Utaiona kabla chuma hakijaguswa. Stadi hupanga miguu vile vile kila mara, hushika mahali pale pale, huvuta pumzi hadi tumboni na kukaza kiuno, kisha huanza. Hafanyi hivyo kwa uzani mkubwa tu. Hata chuma kitupu hukiendea kwa heshima hiyo hiyo. Jukwaani, mnyanyuaji akiitwa kwa kawaida hupewa dakika moja kuanza, na asiye na utaratibu wake huimaliza akibabaika.

Jimu ya mikebe, tena, inafundisha mambo mawili ambayo jimu za kifahari huyasahaulisha. Zege hupasuka likiangushwa, hivyo mtu analazimika kulishusha kwa adabu, na katika kushusha huko udhaifu wote hujitokeza. Pili, mara nyingi mikebe imegandishwa moja kwa moja kwenye chuma, kwa hiyo huwezi kuongeza kilo moja leo na nyingine wiki ijayo. Kutoka chuma kimoja hadi kinachofuata huenda ni kilo 10 au zaidi. Asiye na subira hurukia kile kikubwa na kuumia bega. Mwenye akili hubaki na kile kidogo kwa miezi, akiongeza marudio, akishusha polepole zaidi, akisimama chini kabla ya kupanda.

Kwa hiyo ukitaka kumchagua wa kukufundisha, usiombe akuonyeshe rekodi yake. Muulize amekaa muda gani na chuma anachotumia sasa, na nini kilimfanya aamini kwamba wakati wa kukiacha umefika.